Kumsaidia mtoto asiionee haya imani yake ya Kikristo: mwongozo kwa mzazi, kuanzia mezani nyumbani hadi bwenini

Mtoto akianza kuficha kwamba ni Mkristo, hakwambii. Utaona dalili tu. Rozari inavuliwa kabla ya kufika geti la shule. Marafiki wakimuuliza Jumapili alikuwa wapi, anasema alikwenda kwa bibi. Akiwa na wenzake barabarani na mama mmoja wa kanisani akamsalimia "Bwana Yesu asifiwe", anaitikia "Amen" kwa sauti ya kumezea, macho chini, halafu anaharakisha mwendo. Akirudi likizo, Biblia iko chini kabisa ya tranka, mahali pale pale ulipoiweka Januari.

Nimefundisha shule ya Jumapili hapa Tanga kwa miaka mingi, mji ambao mtoto wa Kikristo anakaa dawati moja na mtoto wa Kiislamu tangu darasa la awali. Nimewaona watoto wengi wakipita kutoka kwangu kwenda kipaimara, kisha kwenda kidato cha kwanza. Ninachokiamini ni hiki: watoto wengi hawamwonei haya Yesu. Wanachoogopa ni ile dakika ambayo macho ya wenzao yote yako kwao na hawajui wafanye nini wala waseme nini. Dakika hiyo inaandaliwa nyumbani, mapema, kwa mambo madogo. Mahubiri ya "uwe jasiri" hayatoshi, kwa sababu hayamwambii mtoto aweke wapi mikono yake anapotaka kuombea chakula bwaloni.

Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi mwenye mtoto wa kati ya miaka 8 na 16 hivi. Nimeuelekeza zaidi kwa anayejiandaa kwenda bweni, maana huko hutakuwepo.

Hatua ya kwanza: jua haya inatoka wapi

Usianze na dawa kabla ya kujua ugonjwa. Haya ya mtoto ina vyanzo tofauti, na kila kimoja kina tiba yake.

Wapo wanaochekwa. Ameitwa "mlokole" mbele ya darasa, au amepachikwa jina la mchungaji fulani wa kwenye runinga. Wapo walioulizwa swali wakakosa jibu, na kukosa jibu mbele ya wenzako ukiwa na miaka 13 ni maumivu ambayo sisi wakubwa tumeshayasahau. Wapo wanaoona aibu kwa sababu ya habari mbaya za Wakristo wenyewe. Wapo wanaotuonea aibu sisi wazazi: kanisani tunanyanyua mikono, nyumbani tunamtukana dada wa kazi, na mtoto anajua kwamba jirani anasikia. Na wapo ambao wameanza kujiuliza kama haya yote ni kweli. Huyu wa mwisho usimchanganye na wengine, nitamrudia.

Kumuuliza, usimwite sebuleni ukamkalisha kwenye kiti kama mshtakiwa. Muulize mkiwa na kazi mikononi: mnachambua mchele, mnafua, mnatembea kwenda dukani. Macho yakiwa kwenye kazi, mdomo wa mtoto hufunguka. Maswali ya kufaa ni haya: "Darasani kwenu nani anajulikana kwamba ni mtu wa dini? Wenzake wanamchukuliaje?" Au: "Umewahi kuulizwa kitu kuhusu kanisa ukashindwa kujibu?" Kwenye swali la kwanza anazungumzia mtu mwingine, na ndani yake utasikia habari zake mwenyewe. Akishasema, usikimbilie kurekebisha. Mwambie tu: "Nimekusikia. Tutalifanyia kazi."

Jambo moja la kutenganisha mapema ni ukimya na kukana. Kuna mtoto mpole, hapendi kusimama mbele za watu kwa jambo lolote, iwe ngonjera, iwe sala. Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 6, aliwakataza wanafunzi wake kusali ili waonekane na watu, akawaelekeza waingie chumba cha ndani na kufunga mlango. Kwa hiyo mtoto anayesali kimoyomoyo hajakosa. Kipimo ni kimoja: akiulizwa wazi, anasema kweli? Kama anasema kweli kwa sauti ndogo, mwache na sauti yake ndogo.

Hatua ya pili: sala iwe jambo la kawaida mbele ya watu, kuanzia kwako

Mtoto anajifunza kuona haya kwa kuwatazama wakubwa. Kama nyumbani mnaombea chakula kila siku lakini mkienda kula mgahawani, au wageni wasio wa kanisani wakija, mnarukia sahani moja kwa moja, mtoto ameshapata somo bila mtu kufungua mdomo. Usipaze sauti, usisimamishe mgahawa mzima. Inamisha kichwa, maneno mawili, kula. Fanya hivyo kila mara, bila kumtazama mtoto kuona kama anakutazama.

Ibada ya jioni iwe fupi. Robo saa inatosha, na mtoto wa darasa la nne aweze kuiongoza. Msomaji awe yeye, aombe yeye, na wewe useme "Amina" kwa sauti. Pia akusikie wewe ukiomba juu ya mambo ya kweli: ada iliyopungua, mguu wa bibi, ugomvi wako na jirani. Mtoto ambaye kwa miaka ametamka jina la Yesu kwa sauti mbele ya watu watano hatababaika sana kulitamka mbele ya watu hamsini.

Kisha mpe sala tatu fupi azijue kwa moyo: ya chakula, ya kulala, ya mtihani. Fupi kabisa. Ya chakula inaweza kuwa hivi: "Asante Bwana kwa chakula hiki. Wabariki waliokipika, uwakumbuke wasio nacho. Amina." Ni sekunde chache. Bwaloni kuna foleni, kelele, na kaka mkubwa anayetaka nafasi yako, na sala ndefu pale itamfanya mtoto aache kabisa ifikapo wiki ya pili.

Hatua ya tatu: mpe majibu, tena yale ya maswali anayoulizwa kweli

Hapa ndipo wazazi wengi tunapolegea. Mtoto anajua Sala ya Bwana, anajua Imani ya Mitume, anajua habari za Daudi na Goliathi, lakini hakuna aliyemwandaa kwa maswali ya uwanjani. Petro aliandika katika waraka wake wa kwanza, 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Kuna utayari hapo, na kuna upole. Vyote viwili vinafundishika.

*"Ukristo ni dini ya wazungu."* Hili atalisikia, kama si kwa mwenzake basi kwa video kwenye simu. Mkalishe na Biblia na ramani ya Afrika. Aliyebebeshwa msalaba wa Yesu njiani ni Simoni Mkirene, na Kirene iko katika Libya ya leo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Filipo anambatiza towashi wa Kushi, mtu wa malkia Kandake, kabla Paulo hajavuka kwenda Ulaya kuhubiri. Aleksandria ya Misri ilikuwa mji mkubwa wa mafundisho ya Kikristo katika karne za kwanza. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alikuwa Mkristo katika karne ya 4, akaweka msalaba kwenye sarafu zake. Augustino, ambaye Wakatoliki na Waprotestanti wote wanamheshimu kama mwalimu, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo.

Usiishie hapo ukamficha nusu nyingine. Ni kweli kwamba kwetu Afrika Mashariki Injili ililetwa na wamisionari kutoka Ulaya, Rabai katika miaka ya 1840 na Bagamoyo mwaka 1868, na kwamba wakoloni walikuja nyuma yao. Mwambie hivyo wewe mwenyewe, asije akaambiwa na mtu mwingine akadhani ulimdanganya. Halafu mwonyeshe walichofanya Waafrika na Injili hiyo. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879. Tarehe 3 Juni 1886, hazijapita hata miaka kumi, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto pamoja pale Namugongo kwa sababu hawakukubali kuikana imani. Kizito, mdogo wao, anakadiriwa kuwa alikuwa na miaka 14. Hakuna mzungu aliyesimama pale kuwalazimisha. Hadi leo, kila tarehe 3 Juni, mahujaji wanafika Namugongo, na wengine huenda kwa miguu kutoka nchi jirani.

Ila tumia habari hii kwa uangalifu. Usimwambie mtoto, "Kizito alichomwa moto, wewe unashindwa hata kuombea ugali?" Hayo ni kumwongezea aibu juu ya aibu. Msimulie ajue kwamba vijana wa rika lake, wa rangi yake, waliiona imani hii kuwa yao.

*"Mungu anaweza kuzaa? Mna miungu watatu?"* Maswali haya yataletwa na rafiki yake Mwislamu, na mara nyingi hana ubaya, anauliza kama alivyofundishwa kuuliza. Mfundishe mtoto aanze na wanachokubaliana: "Na sisi tunaamini Mungu ni mmoja." Kisha: "Hatusemi kwamba Mungu alioa akazaa. Tunamwita Yesu Mwana wa Mungu kwa sababu ametoka kwa Baba na ni mmoja na Baba." Akiulizwa zaidi ya hapo: "Mengine sijayajua vizuri, nitamuuliza mwalimu wangu." Mtoto wa miaka 12 hatakiwi kumaliza mjadala wa Utatu wakati wa mapumziko. Mkataze kabisa kuingia kwenye mabishano ya kurushiana aya, au kusema neno baya juu ya Mtume Muhammad au Kurani. Anayejua kuheshimu dini ya mwenzake huheshimiwa na yake.

Tena, kwa sisi wa Pwani, rafiki Mwislamu anaweza kuwa msaada mkubwa. Mwambie mtoto amtazame mwenzake anavyovaa kanzu na kofia kwenda madrasa bila kujificha, anavyoinuka kwenda kuswali adhana ikiitwa. Hakuna anayemcheka, na akichekwa hajali. Yeye Mkristo anaona haya ya nini? Nimeliuliza swali hilo darasani kwangu zaidi ya mara moja, na watoto hunyamaza wakifikiri.

*"Mbona wachungaji wenu wanauza mafuta na maji?"* Hili lina hatua yake, hapa chini.

Yapo na maswali ya sayansi, ya mateso, ya "kwa nini Mungu hakumponya fulani." Kwa hayo, kitu bora unachoweza kumfundisha ni kusema "sijui" bila kutetemeka. Sema "sijui" wewe mwenyewe mbele yake, kisha mtafute jibu pamoja kwa mchungaji, padre au katekista.

Hatua ya nne: mazoezi

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Baada ya chakula cha usiku, tandikeni mkeka. Mtoto akae na sahani tupu mbele yake. Baba, au kaka mkubwa, awe mwanafunzi mtundu wa kidato cha tatu. Mtoto anainamisha kichwa kuomba, na mtundu anaanza:

"Oya, mlokole! Unaombea maharage? Kwani yana sumu?"

Mara ya kwanza mtoto atacheka, au atanyamaza akiwa amekunja uso. Mwachie. Rudieni. Mara ya pili pengine atajibu kwa hasira: "Kwani inakuhusu nini?" Simamisheni hapo, muulize: "Ukijibu hivyo, kesho atakuacha?" Ataona mwenyewe kwamba hapana, ameshampa mtundu anachokitafuta. Kisha mwonyeshe njia nyingine. Amalize sala yake bila kuharakisha, ainue uso, atabasamu, aseme:

"Nashukuru tu. Karibu, tule."

Hakuna jibu zuri kuliko hilo. Ni adabu ya mezani ambayo kila mtoto aliyelelewa anaijua. Mtundu hana pa kushika: amekaribishwa chakula. Rudieni mpaka "karibu, tule" itoke bila mtoto kufikiri, na mbadilishane, mtoto naye awe mtundu, baba aombe. Watoto hupenda sana zamu hiyo, na hapo ndipo utasikia maneno halisi wanayotumia shuleni, maneno ambayo usingeyapata kwa kuuliza.

Mazoezi ya pili ni usiku wa kwanza bwenini. Mweleze hali ilivyo: vitanda vya dabo deka, taa kuzimwa kwa saa maalumu, watu hamjuani, wengine wanalia kimyakimya, wengine wanatamba. Kila mtu usiku ule anawapima wengine. Anayesali usiku wa kwanza anajulikana tangu mwanzo kuwa ni mtu wa kusali, na baada ya wiki mbili hakuna anayejali tena. Anayeahirisha mpaka "nikizoea" anapata kazi ngumu mara kumi, kwa sababu sasa atakuwa anabadilika mbele ya watu waliokwisha mzoea. Danieli alipopata habari ya amri ya mfalme Dario, hakuanzisha jambo jipya la kuonyesha ushujaa. Alipiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Mazoea ndiyo yaliyombeba.

Kwa hiyo amua naye kabla hajaondoka: atasali amepiga magoti kando ya kitanda, au ameketi, au amelala chini ya chandarua? Lolote ni sawa, mradi amelichagua yeye. Kisha wiki mbili za mwisho nyumbani afanye hivyo hivyo kila usiku, na wadogo zake wakipiga kelele chumbani kama kawaida. Usiwanyamazishe. Kelele ile ni sehemu ya mazoezi.

Mazoezi ya tatu ni ya mtoto Mkatoliki, Jumatano ya Majivu. Ametoka misa ya asubuhi, ana majivu kwenye paji la uso, anaingia darasani. "Una uchafu usoni!" Ajibu: "Ni majivu ya Kwaresima. Yanatukumbusha kwamba sisi ni mavumbi na tutarudi mavumbini." Basi. Akiyafuta kwa sababu ameshindwa kuvumilia, usimgombeze jioni. Muulize aliulizwa nini, mfanye zoezi kwa ajili ya mwaka ujao.

Hatua ya tano: mtafutie wenzake kabla hajafika

Mtoto akiwa peke yake, haya humzidi nguvu. Akiwa na mwenzake mmoja tu, inapungua zaidi ya nusu. Usiache jambo hili liwe la bahati.

Shule nyingi za sekondari Tanzania zina UKWATA, ambayo huunganisha zaidi wanafunzi wa makanisa kama KKKT, Anglikana na Moravian. Zina TYCS kwa Wakatoliki, na CASFETA kwa Wapentekoste. Wasabato nao wana ibada zao. Kenya utasikia Christian Union na YCS. Ukienda kuripoti na mtoto, ukishamaliza habari za ada, godoro na jembe, muulize mwalimu wa zamu: "Vipindi vya dini ni siku gani? Mwalimu mlezi wa kikundi chetu ni nani?" Onana naye siku hiyo hiyo. Mwombe amkutanishe mwanao na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili au cha tatu anayeheshimika. Mkono wa kaka au dada mmoja wa bwenini unashinda barua zako zote.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Si kila kikundi cha maombi ni salama. Mwambie mtoto wazi mambo ambayo akiyasikia anapaswa kukupigia simu au kumwambia patroni au matroni: akiambiwa aache masomo ili aombe, akiambiwa afunge siku nyingi bila kula, akiambiwa mzazi wake au bibi yake ni mchawi, akidaiwa hela za sadaka ya siri, akiambiwa asiende hospitali, akiitwa kuombewa peke yake na mtu mzima mahali pa faragha. Mtoto asione kwamba kukataa mambo hayo ni kuiaibisha imani.

Hatua ya sita: jua haki yake, fanya kazi yako ya utu uzima

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Kenya jambo hilo liko ibara ya 32 ya Katiba ya 2010. Mtoto aambiwe hivyo kwa lugha nyepesi: hakuna mwalimu wala mwanafunzi mwenye haki ya kumlazimisha aache dini yake, na yeye hana haki ya kumlazimisha mwingine.

Haki hiyo haifuti kanuni za shule. Shule ikikataza mapambo ya shingoni, msalaba ukae mfukoni au ndani ya begi. Kama wewe ni Msabato na shule ina mitihani au kazi za usafi siku ya Jumamosi, andika barua kwa mkuu wa shule kabla ya kuripoti, uende mwenyewe mkazungumze. Kama shule ni ya dhehebu lingine au ya dini nyingine, uliza kabla ya kulipa ada: ibada ni lazima kwa wote? Anaruhusiwa kukaa pembeni? Haya ni mazungumzo ya watu wazima. Usimtume mtoto wa miaka 13 akapigane vita yako mbele ya mwalimu wa nidhamu.

Hatua ya saba: zungumzia aibu zetu wenyewe

Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana Moshi, katika uwanja wa Majengo, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 ulimwengu mzima uliona makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo. Mwanao amezisikia habari hizi, na zimetumika kumcheka au kumtia hofu.

Usizitetee, na usinyamaze. Mwambie: "Lile lilikuwa kosa kubwa, na limetuumiza sisi Wakristo kuliko mtu yeyote." Mwonyeshe kwamba Yesu mwenyewe alionya juu ya manabii wa uongo wanaokuja wamevaa mavazi ya kondoo, Mathayo 7:15, kwa hiyo kuwakataa ni kumtii. Mtoto akiulizwa shuleni, aseme: "Hata mimi linanihuzunisha. Yesu hakufundisha hivyo." Mtoto anayeruhusiwa kukubali ukweli huo hatahitaji kuificha imani yake yote kwa sababu ya watu wale.

Na kama aibu yenyewe ni wewe, mzazi, kwa hasira, kwa ulevi, kwa madeni usiyolipa kwa jirani, basi hatua hii ni yako. Mwombe mtoto msamaha kwa jambo lile mahususi, kwa jina lake, kisha lirekebishe akiona. Hakuna zoezi la mkekani linaloweza kuziba nafasi hiyo.

Akianguka

Siku moja atakana. Ataulizwa "wewe ni mlokole?" na atasema "mimi? wapi!" na wote watacheka, naye atacheka nao. Pengine atakuambia, pengine utasikia kwa mtu mwingine.

Soma naye habari za Petro. Aliyemtisha kwanza alikuwa kijakazi tu, kando ya moto wa makaa, na Petro alimkana Bwana wake mara tatu. Kisha fungueni Yohana 21. Yesu aliyefufuka anawangoja wanafunzi ufuoni, na amewasha moto wa makaa tena, kuna samaki juu yake na mkate. Anawaambia waje wafungue kinywa. Wanakula kwanza. Baada ya kula ndipo anamuuliza Petro, "Wanipenda?" mara tatu, na kila mara anampa kazi. Hamkumbushii kosa lake mbele ya wenzake, hamwondolei nafasi yake.

Fanya kwa mpangilio huo huo. Mtoto akirudi na aibu hiyo, mpe chakula. Msikilize. Usimwambie kwamba Yesu naye atamkana siku ya mwisho, maneno hayo yapo kwenye Injili na ni mazito, lakini hayakusemwa ili mzazi ampige nayo mtoto anayelia. Siku inayofuata mpe kazi: aongoze ibada ya jioni, au aende nawe kumwona mgonjwa wa jumuiya. Kisha rudini mkekani kwa zoezi la swali lile lile lililomshinda.

Na kama hakukana kwa woga, ila anasema wazi, "Mama, mimi sina hakika kama naamini," mshukuru kwa kukuambia. Huyo hana haya, ana mashaka, na mashaka hayaondolewi kwa mazoezi ya ujasiri. Muulize jambo gani hasa limemletea mashaka. Mtafutie mtu mzima mwingine anayemwamini, mama au baba wa ubatizo, mwalimu wake wa kipaimara, akazungumze naye bila wewe kuwepo. Endeleeni kusali nyumbani kama kawaida, akae nanyi, asilazimishwe kuongoza.

Likizo ya kwanza

Akirudi kutoka bweni, siku mbili za mwanzo mwache alale na ale. Usifungue tranka kukagua kama Biblia imesomwa. Siku ya tatu, mkiwa na kazi mikononi, uliza: "Usiku wa kwanza ulikuwaje?" Kisha: "Nani alikukaribisha kwenye kikundi?" Kisha: "Swali gani walikuuliza ambalo hatukulifanyia mazoezi?"

Jibu la swali hili la mwisho liandike kwenye daftari. Atakupa matatu au manne, na baadhi yatakushinda hata wewe. Mpeleke nayo kwa mchungaji, padre au katekista ndani ya likizo hiyo hiyo, na mkirudi jioni, mdogo wake anayesubiri zamu yake ya kidato cha kwanza aketi naye mkekani, na safari hii huyu aliyerudi kutoka bweni ndiye awe mwanafunzi mtundu wa kidato cha tatu.